Kichangamshi, sisplatini na panya asiyeweza kutapika

Swali limetoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba ya wanyama. Kikundi chao kinaandaa jaribio dogo: panya watachomwa sindano ya sisplatini, dawa ya saratani inayochafua sana roho, nusu yao wapewe na amfetamini, ambayo ni kichangamshi, kisha upimwe uzito wa udongo mweupe watakaokula kwa siku tatu, kwa kuwa panya hatapiki bali akichafukwa hula udongo. Anauliza: “Wakila udongo kidogo, tuseme amfetamini imezuia kichefuchefu? Tumesoma kwamba iliwahi kutumika kwa watu wanaochafukwa na roho safarini. Na mbwa aliye kwenye tibakemikali, amelegea na hataki chakula, kichangamshi kinaweza kumwinua?”

Jibu la swali la kwanza ni hapana, angalau kwa jinsi mlivyolipanga jaribio. Amfetamini hupunguza karibu kila kitu kinachoingia mdomoni mwa panya. Kipimo chenu nacho ni kitu kinachoingia mdomoni. Panya aliyepata nafuu ya kichefuchefu na panya asiyetaka kutafuna chochote watawapa namba ileile kwenye mizani. Jibu la swali la pili pia ni hapana, na nitalieleza mwishoni, kwa sababu hapo kuna hatari kwa mnyama mwenyewe.

Tuanze na njia ya kutapika. Sisplatini ikiingia mwilini huchokoza seli za enterokromafini zilizo kwenye utando wa utumbo mwembamba, nazo humwaga serotonini. Serotonini hiyo hushika vipokezi vya 5-HT3 kwenye ncha za neva ya vagasi, inayounganisha tumbo na ubongo, na ujumbe hupanda hadi kwenye shina la ubongo. Ndiyo maana ondansetroni, inayoziba vipokezi hivyo, hufanya kazi vizuri katika saa za mwanzo na kupungua nguvu baadaye. Kutapika kwa siku ya pili na ya tatu hutegemea zaidi dutu P, kemikali nyingine ya kupeleka ujumbe wa neva, na vipokezi vyake vya NK1. Mlango mwingine ni eneo la postrema, lililo kwenye sakafu ya ventrikali ya nne ya ubongo, mahali ambapo kizuizi kati ya damu na ubongo ni hafifu, hivyo huonja moja kwa moja kilichomo kwenye damu.

Kwenye eneo hilohilo ndiko viliko vipokezi vya GFRAL, vinavyopokea protini ya GDF15. Sisplatini huipandisha protini hiyo. Kazi zilizochapishwa mwaka 2020 zilionesha kwamba GDF15 huwafanya panya wale udongo na virukanjia (wanyama wadogo wanaofanana na panya lakini hutapika) watapike, na kwamba kuizima hupunguza kutapika, kukosa hamu ya kula na kukonda kwa wanyama waliopewa dawa za jamii ya sisplatini. Ushikeni vizuri ujumbe huo: sehemu kubwa ya kile tunachokiita kukosa hamu ya kula baada ya tibakemikali ni kichefuchefu ambacho hakijafika mdomoni.

Sasa vichangamshi. Jina ni moja lakini kazi zao zinatofautiana sana. Amfetamini husukuma dopamini na noradrenalini zitoke kwenye ncha za neva. Methilifenideti na kokeini huzuia zisirudishwe ndani. Kafeini na theofilini huziba vipokezi vya adenosini, na kwa dozi kubwa huzuia vimeng'enya vinavyovunja AMP ya mzunguko, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli. Nikotini ina vipokezi vyake, vikiwemo vya eneo la postrema. Ukiandika “kichangamshi” kwenye ripoti bila kutaja ni kipi, msomaji wako hajaambiwa kitu.

Dopamini yenyewe hutapisha. Apomofini, inayoshika vipokezi vya dopamini moja kwa moja, hutapisha mbwa ndani ya dakika chache kwa dozi ndogo ya miligramu 0.03 kwa kilo kwenye mshipa. Paka huitikia apomofini kwa shida, lakini zailazini, inayogusa vipokezi vya alfa-2 vya noradrenalini, humtapisha vizuri. Theofilini na kafeini zikizidi hutapisha mbwa, na nikotini hutapisha mbwa, paka na virukanjia. Kwa hiyo mtu anayetarajia kichangamshi kitulize tumbo anategemea kemikali zilezile ambazo mahali pengine hufungua mlango wa kutapika.

Hoja yenu ya safari ina ukweli wake. Amfetamini iliwahi kuunganishwa na skopolamini kwa ajili ya kichefuchefu cha mwendo, hata kwa wanaanga. Lakini kichefuchefu hicho huanzia kwenye sikio la ndani na mgongano wa taarifa za mwendo. Cha sisplatini huanzia utumboni na kwenye damu. Dawa inayofaa kwenye mlango mmoja haina deni la kufaa kwenye mwingine. Skopolamini yenyewe ni dhaifu sana dhidi ya sisplatini.

Turudi kwa panya wenu, kwa maana hapo ndipo kazi ilipo.

Panya hatapiki. Shina lake la ubongo halina mpangilio wa neva unaohitajika kuongoza misuli ya kutapika, na njia ya kutoka tumboni kwenda kwenye umio imefungwa imara. Anapochafukwa hula vitu visivyo chakula, na kaolini, huo udongo mweupe wenu, ndiyo iliyozoeleka maabara. Kipimo hiki ni kizuri kwa masharti yake. Vidonge hutengenezwa kwa unga wa kaolini uliochanganywa na gundi ya akasia, asilimia 1 kwa uzito, ukakandwa kwa maji yaliyosafishwa, ukakatwa kwa umbo la vidonge vya chakula chao na kukaushwa kabisa. Visipokauka vitapoteza maji ndani ya kizimba na nyinyi mtahesabu mvuke kama udongo ulioliwa. Wekeni kihori kimoja chenye kidonge hicho kwenye kizimba kisicho na panya, mkipime kila siku. Tofauti yake ndiyo mnayotoa kwenye hesabu za wengine.

Wazoesheni panya kwa kaolini siku tatu au zaidi kabla ya sindano, kila mmoja kwenye kizimba chake chenye sakafu ya waya na karatasi chini. Panya mgeni wa kaolini huionja kwa udadisi, na udadisi huo utaonekana kama kichefuchefu hata kwenye kundi la maji ya chumvi, lisilopewa dawa yoyote.

Sisplatini ya miligramu 6 kwa kilo kwenye uwazi wa tumbo ni dozi iliyotumika mara nyingi kwa panya. Kwa panya wa gramu 250 ni miligramu 1.5, yaani mililita 1.5 ya chupa yenye miligramu 1 kwa mililita. Kuizimua tumieni maji ya chumvi ya asilimia 0.9, kwa sababu kloraidi ndiyo inayoituliza molekuli yake. Msiiweke chupa kwenye friji, hutengeneza fuwele. Na msitumie sindano wala chombo chenye sehemu ya alumini, kwani humenyuka nayo na dawa huharibika. Vaeni glavu hata wakati wa kubadilisha karatasi za chini ya kizimba: mkojo wao hubeba dawa kwa siku kadhaa.

Hapo ndipo amfetamini inapoingia na kuvuruga vipimo, tena kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza nimeshaigusa: hupunguza kula. Dozi za kati ya miligramu 0.5 na 2 kwa kilo hushusha ulaji wa panya waziwazi. Dozi ndogo zaidi ya hapo zimeripotiwa hata kuongeza kula kidogo, kwa hiyo msidhani mstari ni mmoja kutoka juu hadi chini. Dozi ikipanda kuelekea miligramu 5, panya huanza mwenendo wa kurudiarudia: ananusa kona ileile, analamba waya, anatafuna bila kumeza. Akitafuna kidonge cha kaolini hivyo, uzito wa kidonge utashuka na mtaandika kwamba amekula. Inueni karatasi ya chini muangalie: mkikuta unga mweupe umetapakaa chini ya kihori, huo haujaingia tumboni. Ukusanyeni, mkaushe, mpime, mtoe. Kagueni na kinyesi; panya aliyemeza kaolini hukitoa kikiwa kimepauka. Kwa hiyo amfetamini ileile inaweza kushusha namba zenu kwa dozi ndogo na kuzipandisha kwa dozi kubwa, na kichefuchefu kisihusike popote.

Njia ya pili ni saa. Amfetamini hupungua haraka kwenye damu ya panya, ni suala la saa chache, wakati kula udongo kwa sababu ya sisplatini huendelea siku ya kwanza, ya pili na hata ya tatu. Sindano moja ya amfetamini asubuhi ya kwanza haiwezi kuhukumiwa kwa jumla ya saa 72. Tena panya hula usiku. Mkichoma wakati taa zinawaka, mnazuia mlo ambao hata hivyo asingeula. Taa zikizimwa dawa imekwisha na anafidia. Pimeni kaolini, chakula na maji kila baada ya saa mbili kwa saa 12 za mwanzo, na mpange sindano ya kichangamshi karibu na kuzimwa kwa taa. Ni kazi ya kuchosha, lakini ndiyo itakayowaonesha kama ulaji wote wa kaolini umeshuka au umesogezwa mbele tu.

Njia ya tatu ni mazoea, na hapa kuna jambo zuri la kujifunza. Mwaka 1971 watafiti Carlton na Wolgin walionesha kwamba panya wanaopewa amfetamini kila siku kabla ya kunywa maziwa huanza kunywa tena baada ya muda ingawa dawa bado iko mwilini. Waliopewa dozi ileile baada ya kunywa hawakuzoea. Mnyama hujifunza kula akiwa ndani ya dawa. Basi mkigawa kichangamshi kwa siku tatu mfululizo, panya wa siku ya tatu ana historia ambayo wa siku ya kwanza hana, na historia hiyo inategemea kama alikuwa na chakula mbele yake au la.

Tumbo nalo lina lake. Sisplatini huchelewesha chakula kutoka tumboni, na msukumo wa noradrenalini huchelewesha pia. Mkiwachinja panya kwa utaratibu wenu mwishoni, pimeni uzito wa tumbo likiwa na kilichomo. Tumbo zito kwa mnyama ambaye hajala linasema jambo ambalo kihori hakiwezi kusema.

Makundi basi yawe hivi: maji ya chumvi pekee, amfetamini pekee, sisplatini pekee, sisplatini na amfetamini, na sisplatini na ondansetroni, ili muone dawa inayojulikana inavyoshusha kaolini katika mikono yenu wenyewe. Kundi linalosahaulika ni la sita: panya wa sisplatini wanaopewa kila siku kiasi kilekile cha chakula walichokula wale wa amfetamini na sisplatini. Bila hao hamtajua kama kaolini imebadilika kwa sababu ya dawa au kwa sababu ya njaa. Atakayeichoma sindano na atakayepima wasiwe mtu mmoja, na anayepima asijue kundi. Ombeni kibali cha kamati ya maadili ya wanyama mapema, mkiwa mmeandika wazi ni upungufu gani wa uzito utakaowafanya mmwondoe panya kwenye jaribio. Asilimia 20 ni kiwango kinachotumika sana.

Kama mnachotaka hasa ni kichefuchefu, kuna kipimo kinachotenganisha mambo vizuri kuliko kaolini. Panya akionjeshwa maji yenye sakarini kisha akapewa lithiamu kloraidi, kemikali inayomchafua, siku nyingine akipata ladha hiyo mdomoni hupanua kinywa kwa namna ya pekee, pembe za midomo zikivutwa nyuma na meno ya chini yakionekana. Misuli anayotumia inafanana na ile ya mnyama anayetapika. Ondansetroni hukizuia kitendo hicho. Amfetamini haikileti, ingawa panya huikwepa ladha iliyofuatwa na amfetamini kwa kuinywa kidogo. Yaani kuikwepa ladha na kuchafukwa ni mambo mawili. Mtafiti Linda Parker na wenzake walipofanya jaribio la namna hiyo kwa kirukanjia wa nyumbani, Suncus murinus, ambaye hutapika, walichapisha mwaka 2002 kwamba amfetamini ilimfanya aipende ladha ile badala ya kuikwepa. Naliona hilo kuwa onyo kubwa kwa yeyote anayechukua tabia ya mdomo wa panya na kuipeleka moja kwa moja kwa mnyama anayetapika. Kupiga video ya kinywa kutoka chini, kupitia sakafu ya kioo, kunahitaji kamera nzuri na subira, na mrija mdogo uliopandikizwa shavuni mapema ili ladha iingizwe bila panya kuchagua kunywa.

Na kama mnachotaka ni kutapika kwenyewe, basi mnyama ni lazima awe anayetapika. Fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, ndiye aliyechunguzwa zaidi: miligramu 10 za sisplatini kwa kilo humtapisha ndani ya saa chache, na miligramu 5 kwa kilo huleta mawimbi mawili, la siku ya kwanza na la siku ya pili na ya tatu. Kirukanjia wa nyumbani huhitaji dozi kubwa zaidi, mara nyingi miligramu 20 hadi 30 kwa kilo. Kirukanjia mdogo wa Amerika, Cryptotis parva, huitikia miligramu 10, akiwa na kilele saa moja au mbili baada ya sindano na kingine karibu na saa ya 33. Hesabuni kando kukakamaa kwa tumbo bila kutoa kitu, kutapika chenyewe, na muda hadi tukio la kwanza. Kucheua chakula bila mkazo wa tumbo msikuhesabu. Kichangamshi humfanya mnyama akimbiekimbie, na kirukanjia akikimbia ni rahisi kukosa kuliona tukio lake la nusu sekunde. Rekodini video na muihesabu taratibu.

Angalizo moja kuhusu dawa za kulinganishia: dawa nyingi za NK1 zilizotengenezwa kwa kipokezi cha binadamu hushika vibaya kipokezi cha panya. Fereti yuko karibu zaidi na binadamu kwenye jambo hilo. Dawa ya NK1 ikishindwa kwa panya, msiandike kwamba dutu P haihusiki.

Sasa mbwa. Mbwa aliyelegea na kukataa chakula baada ya tibakemikali hana tatizo la kukosa nguvu tu. Ana sababu, na kichangamshi huificha. Swali la kwanza kwenye meza ni lini alipewa dawa. Sisplatini hutapisha ndani ya saa za mwanzo. Doksorubisini, dawa nyingine ya saratani, ya miligramu 30 kwa mita mraba ya eneo la mwili, au miligramu 1 kwa kilo kwa mbwa wadogo, mara nyingi huleta kutapika na kuhara kati ya siku ya pili na ya tano. Kati ya siku ya saba na ya kumi chembe nyeupe za damu huwa chini kabisa. Mbwa aliyelegea siku ya nane apimwe joto na damu kabla ya jambo lolote: akiwa na homa na nyutrofili, chembe nyeupe zinazopambana na bakteria, zimeshuka, hiyo ni dharura ya antibayotiki za mshipani na dripu. Kichangamshi kingempandishia joto zaidi na kumfanya aonekane mchangamfu wakati maambukizi yanaenea kwenye damu.

Moyo nao hauko salama. Doksorubisini huharibu misuli ya moyo wa mbwa kadiri jumla ya dozi inavyokaribia miligramu 180 hadi 240 kwa mita mraba. Kuongeza juu yake dawa inayokimbiza mapigo na kupandisha shinikizo ni kumtafutia mapigo yasiyo na mpangilio. Kwa sisplatini tatizo ni figo: mnyama huyu anahitaji maji mengi ya mshipani kabla na baada ya dawa, na mbwa anayehema na kuzunguka hovyo huyapoteza. Paka asipewe sisplatini kabisa. Humjaza maji mapafuni na kumuua.

Kinachofaa kinajulikana. Tafuteni kichefuchefu kwanza: anayelamba midomo, anayemeza mate mara kwa mara, anayesogelea bakuli, akanusa, kisha akageuza kichwa. Huyo ana hamu lakini amechafukwa. Maropitanti, dawa ya kuzuia kutapika inayoziba vipokezi vya NK1, miligramu 1 kwa kilo chini ya ngozi au miligramu 2 kwa kilo kwa mdomo mara moja kwa siku, ndiyo ya kuanzia, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia tibakemikali. Ikibaki kutapika, ondansetroni huongezwa. Kichefuchefu kikishatulia na bado hali, kapromorelini ya miligramu 3 kwa kilo mara moja kwa siku huiga ghrelini, homoni ya njaa ambayo sisplatini huishusha. Kwa paka, mirtazapini ya kupaka kwenye ngozi ya upande wa ndani wa jani la sikio, miligramu 2 kwa siku, inaamsha hamu na pia huziba 5-HT3. Msiichanganye na siproheptadini, dawa nyingine ya kuamsha hamu, zinapingana.

Hatimaye, ulizeni mwenye mbwa dawa zote anazotumia nyumbani, kwa maana mbwa mzee mwenye saratani huenda tayari yuko kwenye kichangamshi na hakuna aliyekiita hivyo. Fenilpropanolamini, anayopewa mbwa jike anayevuja mkojo, ni ya ukoo huo na hupunguza kula. Theofilini ya kikohozi hutapisha ikizidi. Selejilini, ya mbwa wazee wanaochanganyikiwa, huvunjwa mwilini kuwa aina za amfetamini na methamfetamini, na haitakiwi kukutana na mirtazapini. Lebo ya mirtazapini ya kupaka hudai siku 14 kati yao. Mbwa anayekataa chakula akiwa kwenye mojawapo ya hizo, jadilianeni na daktari aliyeiandika kuhusu kuisimamisha kabla hamjaongeza chupa nyingine mezani.